Maswali Yenu: Mbwa wa Kisauni Kaitwa Dingo

Toleo lililopita niliandika hapa kuhusu simu zinavyotambua sura za watu, na katikati nikachomeka mstari mmoja tu kwamba mashine hizi zimesomeshwa sana kwa picha za mbwa. Huo mstari mmoja ndio ulioleta maswali, mengi sana, mpaka mhariri akasema basi safari hii ukurasa wote tuuachie mbwa. Nimefurahi manake jambo hili nalipenda na naamini kuna kazi ndani yake inayotungoja sisi wenyewe watu wa Pwani, ntaieleza huko mbele. Nimechagua maswali saba, mengine yalikuwa yanafanana.

Kijana wangu anasema simu ikipiga picha ya mbwa inajua huyu ni mbwa. Nauliza, inajua vipi na haina macho wala akili? Ananijibu "imefunzwa" alafu anaenda zake. Nielezee kwa lugha ya nyumbani. – Mama wa watatu, Majengo

Mamangu, kijana hajakosea ila amekupa jibu nusu. Tuanze na picha yenyewe. Picha ikiwa ndani ya simu ni nambari tu. Kila kitone kidogo, wanakiita pikseli, kina nambari tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na kila nambari inaanzia 0 mpaka 255. Modeli nyingi za picha, yaani hizo mashine zilizofunzwa, kabla hazijaanza kazi zinaipunguza picha iwe vitone 224 kwa 224, zidisha hapo mara tatu unapata nambari 150,528. Hizo ndizo mashine inazoziona, mkia haioni, masikio haioni.

Zamani watu walijaribu kuiandikia kompyuta sheria, mbwa ana masikio yaliyosimama, ana mkia, ana miguu minne. Haikufika mbali. Kuna mbwa masikio yake yamelala, kuna aliyekatwa mkia, kuna aliyejikunja kama kata ya kubebea ndoo huoni mguu hata mmoja, na paka naye si ana miguu minne? Kwa hivyo wakaacha kuandika sheria wakaanza kuionyesha mifano. Inapewa picha, inakisia "paka", inaambiwa hapana huyo mbwa, basi ndani yake kuna mamilioni ya nambari nyingine zinaitwa uzito, na hizo zinasogezwa kidogo ili mara nyingine ikaribie jibu. Picha nyingine, tena, na tena, maelfu kwa maelfu. Hakuna mtu anayekaa kuzigeuza kwa mkono, hesabu yenyewe ndiyo inaonyesha kila uzito usogee upande gani.

Ukiifungua ukaangalia ilichojifunza unakuta imepangika tabaka tabaka. Za mwanzo zinashika vitu vidogo, mstari, ukingo, pale rangi inapobadilika. Za katikati zinashika manyoya, mviringo wa jicho, ncha ya sikio. Za juu ndizo zinazokusanya pua na macho na masikio zikasema hapa pana uso wa mbwa. Kijana wako alipokuwa mdogo hukumkalisha ukamfafanulia mbwa ni nini, alimuona njiani ukamwambia yule mbwa, kesho akamuona mbuzi akasema mbwa ukamrekebisha. Tofauti ni kwamba mtoto ilimtosha mara tatu nne, mashine yataka picha nyingi mno, na kitu ambacho haikuonyeshwa haikijui kabisa. Hilo la mwisho ulishike manake ndilo linalomsumbua kijana anayefuata.

Niko mwaka wa tatu chuo, projekti yangu ni programu ya kuhesabu mbwa koko. Nilichukua modeli iliyofunzwa tayari nikaijaribu na picha za Kisauni na Bamburi. Mbwa wa kahawia inasema ni Dingo, mwingine inasema Basenji, na mmoja mweusi aliyelala chini ya tuktuk haikumuona kabisa. Mwalimu anasema nitafute projekti nyingine. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Tudor

Kakangu tafadhali usiibadilishe. Hiyo modeli haijaharibika, imekwambia ukweli kuhusu ilikosomea.

Ngoja nikurudishe nyuma. Mwaka 2009 mtafiti anaitwa Fei-Fei Li na wenzake huko Marekani walitoa mkusanyiko unaitwa ImageNet, mamilioni ya picha za kwenye intaneti, kila moja imewekewa jina na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Kuanzia 2010 kukawa na mashindano ya kila mwaka, vitu 1,000 vya kutambua na picha kama milioni 1.2 za kufunzia. Baadaye wakaingiza mbwa kwa wingi, katika vile vitu 1,000 karibu 120 vikawa ni aina za mbwa, yaani zaidi ya kimoja katika kila kumi! Walitaka mtihani wenye tofauti ndogondogo, mashine isiishie kutofautisha mbwa na meli, imjue mbwa huyu na yule anayefanana naye. Mwaka 2012 watu watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton, wakaingia na mtandao wa nyuroni, ndiyo ile mashine ya tabaka tabaka niliyoeleza pale juu, wenye uzito milioni 60, waliufunza siku tano sita hivi kwa kadi mbili za grafiki, zile za kuchezea gemu, wakapata makosa 15.3% na aliyewafuata akapata 26.2%, hapo mashine inaruhusiwa kukisia majina matano kwa kila picha. Tangu siku hiyo watafiti karibu wote wakahamia njia hiyo. Mwaka 2014 mtafiti Andrej Karpathy akajipima yeye mwenyewe kwa mtihani uleule, akafanya mazoezi kwa picha 500 kisha akakalia picha 1,500, akatoka na makosa kama 5.1%, na hao mbwa ni sehemu ya yaliyomtesa, sababu ni binadamu gani anakaa na aina 120 za mbwa kichwani? Mwaka uliofuata modeli za ResNet za Kaiming He na wenzake zikafika 3.57%.

Sasa isome ile orodha ya mbwa. Kuna Chihuahua, kuna Husky wa Siberia, wa Ulaya wamejaa, wa Afrika kuna Basenji wa Kongo na Rhodesian Ridgeback na mbwa mwitu kama wale wa Tsavo, na Dingo wa Australia yumo. Mbwa koko hayumo. Jina hilo halipo popote kwenye orodha. Yule wako wa kahawia, mwembamba, manyoya mafupi, masikio yamesimama, mashine imetafuta jina lililo karibu naye katika yale iliyofunzwa, na la karibu ni Dingo ama Basenji, ingesema nini zaidi?

Kwa hivyo la kwanza, wewe huhitaji aina, wewe wahesabu mbwa. Majina yote ya mbwa yaunganishe yawe jina moja na shida ya Dingo inaisha leo leo. La pili ni zito kidogo, modeli uliyoichukua kazi yake ni kusema picha hii ni ya nini, picha moja jibu moja, na kuhesabu ni kazi nyingine kabisa. Wewe wataka modeli inayotafuta vitu ndani ya picha na kuvizungushia boksi, kama zile za familia ya YOLO iliyoingia 2016, nyingi zimefunzwa kwa mkusanyiko wa COCO wenye aina 80 za vitu na mbwa ni mojawapo. Mbwa watatu, boksi tatu, unahesabu.

Na yule mweusi wa chini ya tuktuk, huyo ndiye niliyemfikiria sana. Piga hesabu uone. Tuseme picha ya simu yako ina upana wa vitone 4,000 na mbwa yuko mbali amechukua vitone 200. Picha ikipunguzwa mpaka 224 mbwa wako amebakiwa na vitone 11. Kumi na moja! Hata binadamu ukimpa vitone 11 hajui kama ni mbwa ama ni gunia la makaa. Alafu weka jua la saa saba la Mombasa, barabara inametameta nyeupe na kivuli ni cheusi tii, na mbwa mweusi yumo ndani ya kivuli. Picha za mbwa za intaneti nyingi mbwa amekaa katikati, anaangalia kamera, mwenyewe anampenda amempiga picha kwenye nyasi ama kwenye kochi. Hawa wetu nani huwapiga picha? Amelala chini ya lori Changamwe, anapekua jaa Kongowea, anakatiza mchanga wa Bamburi saa kumi na mbili asubuhi amekupa mgongo. Picha hizo modeli haikupewa kwa sababu karibu hazijapigwa, na atakayezipiga si mtu wa Toronto, ni wewe na wenzako. Hiyo ndiyo kazi niliyosema pale juu inatungoja.

Njia yenyewe si ngumu. Chukua modeli iliyofunzwa tayari, tabaka zake za chini uziache kama zilivyo, ile sehemu ya mwisho uifunze upya kwa picha zako. Ni kama fundi aliyechonga milango ya Lamu miaka ishirini, ukimuagiza kitanda haanzi kujifunza kushika msumeno. Kwa hivyo hutahitaji mamilioni. Mkusanyiko wa Oxford wa mbwa na paka wa 2012 una aina 37, picha kama 200 kwa kila aina, na watu wamefunzia modeli nzuri tu. Wewe anza na mia mbili tatu za mbwa wa hapa, mitaa tofauti, saa tofauti, jua na mvua, na usichague wazuri, aliyejificha nusu nyuma ya gurudumu, aliye mbali, wa usiku chini ya taa ya kiosk, hao ndio wenye thamani. Kila mbwa umchoree boksi kwa mkono, itakuchosha lakini hakuna njia ya mkato. Zigeuze kushoto kulia, zikate, fifisha mwanga, upate mifano zaidi, lakini usizigeuze juu chini sababu mbwa hatembei miguu juu.

Na ukienda kwa mwalimu wako umweleze kwa heshima kwa nini unahesabu. Shirika la Afya Duniani linasema ili kichaa cha mbwa kikatike mahali inatakiwa kuchanja angalau 70% ya mbwa wa hapo. Sasa 70% ya mbwa wangapi? Bila hesabu huwezi kujua umefika ama bado, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya ugonjwa huo ifikapo 2030. Chunga tu usihesabu mbwa mmoja mara mbili, pita njia ileile siku mbili tofauti, linganisha madoa na masikio na makovu, ukijua wangapi wa jana wamerudi leo unaweza hata kukadiria wale ambao hukuwaona.

Nilipiga picha mbuzi wangu, programu ya kutofautisha mbwa na paka ikasema "mbwa 91%". Kama haijui si iseme haijui? – Mfugaji, Miritini

Ami yangu, haina pa kusemea kwamba haijui. Wakumbuka ile mitihani ya kuchagua A, B, C au D? Sasa chukua mtihani wenye A mbwa na B paka, basi, na mtoto lazima apake moja. Mbuzi wako amekaribia mbwa kuliko paka kwa hivyo ikapaka A. Ile 91 nayo si uhakika kama unavyouelewa wewe na mimi, kuna 100 ya kugawa kati ya majibu yaliyopo, yakiwa mawili yatagawana yote hata picha ikiwa ya ndoo. Aliyeitengeneza angeongeza kundi la tatu la vitu ambavyo si mbwa wala paka, ajaze humo mbuzi, punda, kuku, watu, magunia, na zaidi ya hapo aweke kiwango kwamba jibu likiwa dhaifu programu iseme "sina hakika".

Kuna la pili la kuangalia, mbuzi ulimpigia picha wapi? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifanya jambo zuri sana, makusudi waliifunza mashine kwa picha za mbwa wa Husky na za mbwa mwitu wa nchi za baridi, lakini za mbwa mwitu wakachagua zile zenye theluji na za Husky zisizo na theluji. Kisha wakaiuliza inatazama nini, ikaonyesha theluji. Ilikuwa inatambua theluji, mnyama hata haimjali. Kama mbwa wote wa programu yako walipigwa picha uani kwenye mchanga na paka wote ndani kwenye zulia, basi mbuzi akisimama uani kwenye mchanga ashakuwa mbwa.

Mimi na mwenzangu tunafunga kamera za ulinzi. Tulifunza modeli ya kutofautisha mbwa na mtu ili kengele isilie ovyo usiku. Tulirekodi video za mbwa wa jirani na za sisi wenyewe, tukatoa picha 3,000, tukazichanganya tukagawa, za kufunza na za kupima. Tukapata 98%. Tumeifunga kwa mteja Nyali inalia usiku kucha. – Mafundi wawili, Bombolulu

Ndugu zangu, poleni, na hii naomba kila mwenye kufunza modeli aisome mara mbili.

Mtihani ulivuja. Video inatoa picha zaidi ya ishirini kwa sekunde moja, mbwa wa picha ya kwanza na wa picha ya pili ni yuleyule, amesimama palepale, amesogeza mguu kidogo. Mlipozichanganya na kuzigawa, ya kwanza ikaenda darasani na ya pili ikaenda kwenye chumba cha mtihani. Mashine ikaona swali ambalo ishalifanya. Hapo ilikariri, na kukariri kunaleta alama nzuri hasa, mpaka uende nyumba nyingine yenye mbwa mwingine na ukuta mwingine. Mbwa mmoja wa jirani hawezi kuifunza mashine mbwa wote.

Gaweni kwa mbwa na kwa nyumba. Mbwa aliyeko darasani asionekane popote kwenye mtihani, nyumba iliyotumika kufunza isitumike kupima. Alafu wekeni mafungu matatu, ya kufunzia, ya moki, na ya mtihani wa mwisho. Mnaporekebisha mambo mnaangalia moki tu, ule wa mwisho mnaufungua mara moja siku ya mwisho, mkiuchungulia kila siku nao unakuwa moki.

Pia hizo kamera usiku zinatumia mwanga wa infraredi, picha inatoka nyeusi na nyeupe, macho ya mbwa yanawaka, rangi hakuna. Kama video zenu zilikuwa za mchana mmeifunza somo la Kiswahili mkaitahini hesabu. Rekodini usiku, kwa kamera ileile, kwa urefu uleule wa ukuta.

Na hiyo 98% yenyewe msiitegemee peke yake. Mwaka 2007 Microsoft walikuwa na kufuli ya tovuti inaitwa Asirra, unaonyeshwa picha 12 unachagua paka, walifanya hivyo wakiamini mashine haitaweza kuwatenga paka na mbwa. Mwaka 2013 picha 25,000 za mkusanyiko huo zikawekwa kwenye mashindano ya Kaggle, tovuti ya watu wanaoshindana kufunza modeli, mshindi akapata 98.9%. Lakini hapo kosa la kumuita mbwa paka halimuumizi mtu, kwenu sivyo. Tuseme usiku mmoja vimepita vitu 100 mbele ya geti, mbwa 95 na watu 5. Mashine inayosema "mbwa" kila mara, haijafanya kazi yoyote, inapata 95% na imewapitisha watu wote watano. Kwa hivyo hesabuni mbali mbali, katika watu waliopita tumewakamata wangapi, na katika kengele zilizolia ngapi zilikuwa za mtu kweli. Mimi ningeiweka modeli iegemee upande wa kupiga kengele, kengele tatu za bure kwa usiku ni kero, mtu mmoja aliyeruka ukuta akaitwa mbwa ni msiba wa nyumba nzima, na mteja aambiwe hivyo wazi kabla hajalipa.

Nataka kujifunza lakini laptopu yangu ni ya zamani na bando ni ghali. – Dada, Mikindani

Dadangu, laptopu hiyo yatosha. Kazi ya kufunza inaweza kufanyika kwenye kompyuta za mbali kupitia Google Colab, kuna kiwango cha bure na unapata kadi ya grafiki kwa muda fulani, wewe kwako unafungua brauza tu. Jifunze Python ya msingi kwanza, ndiyo lugha ya kuandikia programu hizi, kama mwezi mmoja miwili, usirukie modeli. Picha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, kama modeli inataka vitone 224 kwa nini uchome bando kupeleka vitone 4,000? Modeli yenyewe chagua ndogo, zile za MobileNet ambazo Google walizitoa 2017 zilitengenezwa makusudi zikae kwenye simu, ukishaifunza inafanya kazi hata bila intaneti.

Je, kuna programu ya kupiga picha mbwa ikaniambia ana kichaa? Kuna mmoja mtaani ananitia wasiwasi, nina watoto. – Baba, Likoni

Hapana baba, na yeyote akikuuzia programu ya hivyo usiitumie. Mbwa anaweza kuwa na virusi kwenye mate yake siku kadhaa kabla hujaona dalili yoyote, sasa picha itaona nini? Kichaa kinathibitishwa maabara. Mbwa anayekutia wasiwasi usimkaribie kumpiga picha, waambie watu wa mifugo wa kaunti.

Akimng'ata mtu ama kumparuza, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, angalia saa, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Karibu 99% ya watu wanaopata ugonjwa huu wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Watoto wafundishwe kusema wanapong'atwa, wengi huficha wakiogopa kugombezwa.

Nina klabu ya kompyuta shuleni, vijana wanataka kuzunguka kupiga picha mbwa kwa mradi kama huu. Wazazi wengine wana wasiwasi wa najisi, na majirani hapa hawapendi kamera. Niwaruhusu? – Mwalimu, Mji wa Kale

Mwalimu waruhusu, ila wapangie kwanza. La najisi undani wake ni wa ustadhi wenu, mimi nitasema tu kwamba kazi hii haina haja ya kumgusa mbwa wala kumkaribia, hatua kumi zinatosha na ndio salama zaidi, wavute picha kwa kamera kidogo basi. Waende wawili wawili, wasimwamshe aliyelala, wasimfuate mwenye watoto, na wakiona anawatazama meno nje warudi nyuma polepole bila kukimbia.

La majirani ni haki yao kabisa. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, ukiinua simu tu umeshaingia kwenye baraza ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na picha ya mtu anayetambulika ni data yake, kwa mtoto inatakiwa idhini ya mzazi. Kwa hivyo bisheni hodi kwanza, mkikataliwa pigeni salamu mpite. Sura ya mtu ikiingia ikatwe ama ifunikwe siku hiyohiyo, na nambari za magari pia. Kuna kitu wengi hawakijui, simu nyingi zinaandika ndani ya faili ya picha mahali hasa ilipopigwa, mpaka geti la nyumba. Hiyo ifutwe kabla picha haijatoka kwenye simu, na kama mwataka kujua eneo andikeni pembeni kwenye daftari, mtaa na saa, inatosha.

Picha zikishafika, kila moja wapeni wanafunzi wawili waiwekee jina kila mtu peke yake bila kuangaliana, mbwa, si mbwa, sijui. Zile walizotofautiana ziwekeni folda yake muzikalie pamoja Ijumaa. Na waambie wasifute picha mbaya, ile yenye ukungu, ile ya mkia tu unatokea nyuma ya mkokoteni, hiyo ndiyo kijana wa Tudor anaitafuta.